Kongamano la programu za wakati halisi: namna ya kujiandaa ukiwa na hitilafu yako mkononi

Chombo cha Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baadaye, kilipoanza kukusanya data za hali ya hewa, kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha upya bila kuamriwa. Wahandisi waliokuwa duniani walichukua nakala ya mfumo uleule, wakaiendesha mpaka hitilafu ikajitokeza mbele ya macho yao. Kazi yenye kipaumbele cha juu, iliyosimamia basi ya data (njia ya kupitishia data), ilikuwa inasubiri kufuli, yaani kidhibiti kinachoruhusu kazi moja tu kutumia kitu cha pamoja kwa wakati mmoja, lililoshikwa na kazi ndogo ya hali ya hewa. Kazi hiyo ndogo nayo ilisukumwa pembeni na kazi za kipaumbele cha kati zisizohitaji kufuli hilo kabisa. Mkubwa akawa anamsubiri mdogo, na mdogo hapewi nafasi. Mfumo wa ulinzi ukaona basi imechelewa, ukawasha kompyuta upya. Tiba ilitumwa kutoka duniani: kuwasha chaguo la urithi wa kipaumbele kwenye kufuli lile, ili kazi inayolishika ipewe kwa muda kipaumbele cha kazi inayolisubiri.

Desemba mwaka huohuo, David Wilner wa Wind River, kampuni iliyotengeneza mfumo endeshi VxWorks uliokuwa ndani ya chombo, alisimama mjini San Francisco kwenye RTSS, kongamano la mifumo ya wakati halisi, yaani mifumo ambayo jibu lake lazima lifike kabla ya muda uliowekwa, akakieleza kisa hicho. Ukumbini walikuwamo Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky, walioandika makala ya mwaka 1990 kuhusu urithi wa kipaumbele. Waliofanya hesabu na walioponywa na hesabu hiyo walikutana chumba kimoja.

Makongamano ya aina hii yapo kwa ajili hiyo. Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika programu zinazoendesha mota, pampu, breki au vifaa vya tiba, ambaye hajawahi kusimama mbele ya wenzake wa fani na sasa anataka kwenda. Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: usiende na hadithi ya mafanikio, nenda na hitilafu moja uliyoipima vizuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika fani hii kifo si mfano wa maneno tu.

Hatua ya 1: Chagua kongamano linalokufaa

Makongamano haya hayafanani. RTSS, RTAS na ECRTS ni ya watafiti wa mifumo ya wakati halisi. Humo utakutana na uthibitisho wa kihisabati kuhusu upangaji wa kazi na makadirio ya muda. EMSOFT hufanyika ndani ya wiki ya mifumo pachikwa (kompyuta zilizowekwa ndani ya vifaa vingine) pamoja na makongamano mengine ya vifaa na usanifu. Lile la Ada-Europe, kuhusu teknolojia za programu za kutegemewa, lina mizizi katika lugha ya programu ya Ada lakini mlango wake ni mpana zaidi ya lugha hiyo, na kwa miaka mingi limewapa nafasi watu wa viwandani kueleza uzoefu wao.

Kabla ya kuamua, fungua ratiba za miaka miwili au mitatu iliyopita, usome vichwa vya mada. Ukiona nusu ya mada zinakugusa, hapo ni kwako. Ukiona huelewi hata vichwa, usikate tamaa haraka: soma makala mbili kwanza. Makala za ECRTS tangu mwaka 2017 ziko wazi, mtu yeyote anazisoma bila malipo, kwa hiyo unaweza kuanza usiku wa leo.

Angalia pia aina za michango inayopokelewa. Makala kamili ya utafiti ni kazi ya miezi. Wasilisho la uzoefu wa kiwandani mara nyingi huombwa kwa ikisiri ya ukurasa mmoja au miwili tu, na hilo ndilo ninalolilenga hapa. Kama huna cha kuwasilisha mwaka huu, nenda kwenye siku za mafunzo, ambazo kwa kawaida huwekwa kabla au baada ya siku kuu za kongamano.

Hatua ya 2: Chagua hitilafu moja, uifuatilie mpaka kwenye mzizi

Wengi hutaka kueleza mradi mzima: vihisi, mtandao, programu ya simu, mpaka rangi ya boksi. Acha hayo. Chagua tukio moja ambalo mfumo ulitoa jibu baya, au ulitoa jibu zuri likiwa limechelewa. Katika mfumo wa wakati halisi hayo mawili ni kitu kimoja.

Kufuatilia mpaka kwenye mzizi maana yake ni kutosimama kwenye sababu ya kwanza unayoiona. Chukua roketi ya Ariane 5 iliyoharibika tarehe 4 Juni 1996, sekunde chache chini ya arobaini baada ya kuanza safari yake ya kwanza. Ukisema "namba ilifurika" umesema kweli, lakini umesema kidogo. Thamani ya biti 64 yenye nukta inayoelea iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ikashindwa kuenea. Kwa nini haikulindwa? Ripoti ya bodi ya uchunguzi, iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions, inaeleza kwamba vigezo saba vilikuwa hatarini, vinne vikalindwa na vitatu vikaachwa, kwa sababu timu ilikuwa imejiwekea kikomo cha asilimia 80 ya mzigo wa kompyuta. Kwa nini basi thamani ilikuwa kubwa kiasi hicho? Programu ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambayo njia yake angani ni tofauti. Na kwa nini hesabu hiyo ilikuwa bado inaendelea roketi ikiwa hewani? Ilibaki kwa ajili ya mahitaji ya Ariane 4; kwa Ariane 5 haikuwa na kazi yoyote baada ya kuruka.

Tazama jinsi kila "kwa nini" inavyoshuka ngazi moja. Fanya hivyohivyo kwa hitilafu yako. Ukifika mahali ambapo jibu ni uamuzi wa mtu au wa kikao, wala si mstari wa msimbo, umekaribia mzizi.

Jambo la pembeni lakini muhimu: omba ruhusa ya mwajiri wako kwa maandishi sasa, kabla hujaandika chochote. Jina la mteja na la bidhaa huweza kufichwa bila hasara yoyote. Namba za muda zikifichwa, huna wasilisho.

Hatua ya 3: Pima upya, kana kwamba hukuwahi kupima

Hapa ndipo nakusihi utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Watakaokusikiliza wamezoea kuuliza swali moja: "Muda mrefu kabisa ni upi, na umeujuaje?" Wastani hauwasaidii. Breki isiyochelewa kwa wastani bado inaweza kuua.

Njia rahisi na ya kuaminika ni hii: inua pini moja ya maikrokontrola kazi inapoanza, ishushe inapomaliza, kisha unganisha oskiloskopu au kifaa cha kurekodi mawimbi ya kidijitali. Pini haidanganyi, na gharama yake kwa kichakataji ni maelekezo machache tu. Kwenye vichakataji vingi vya Cortex-M kuna pia kihesabu cha mizunguko ya saa unachoweza kukisoma mwanzoni na mwishoni mwa kazi. Epuka kuchapisha ujumbe kwenye lango la serial katikati ya kazi unayoipima; uchapishaji huo wenyewe huchukua muda, na utakuwa unapima kalamu badala ya mwandishi.

Pima mfumo ukiwa umeelemewa. Washa mawasiliano yote, jaza bafa, sababisha ukatizaji wa vifaa kwa kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa, na hakikisha uandishi kwenye kumbukumbu ya flashi unatokea wakati wa kipimo. Niliwahi kukaa siku kadhaa na kazi iliyochukua mikrosekunde 400 kila nilipoitazama, kisha mara moja moja ikaruka hadi milisekunde 9. Chanzo kilikuwa kufuta sehemu ya flashi: kichakataji kilikuwa kinasoma maelekezo yake kutoka flashi ileile, hivyo kikasimama kusubiri. Nilikuwa nimepima maelfu ya mara bila kufuta flashi hata mara moja. Tangu siku hiyo sipimi tena kabla ya kuandika orodha ya mambo yote yanayoweza kuichelewesha kazi, na kuyatokezesha moja baada ya jingine.

Pima pia kwa muda mrefu. Mfumo wa Patriot wa kuzuia makombora ulioshindwa kule Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991 ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Moja ya kumi ya sekunde haiandikiki kikamilifu kwa namba za msingi wa mbili, na rejista ya biti 24 ilikata mkia wake. Kosa dogo likakua kwa kadiri saa zilivyopita hadi kufikia karibu sekunde 0.34. Kombora la adui halikuzuiwa, na wanajeshi 28 wa Marekani walikufa. Jaribio la dakika kumi lisingeonyesha kitu.

Unapoandika matokeo, weka yafuatayo bila kuombwa: kichakataji na kasi ya saa yake, kompaila na kiwango cha uboreshaji, kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya kichakataji) ikiwa imewashwa au la, idadi ya vipimo, na thamani kubwa kabisa iliyoonekana. Tumia maneno hayohayo, "kubwa kabisa iliyoonekana". Usiiite hali mbaya kabisa, maana hali mbaya kabisa inaweza kuwa bado haijakutembelea. Msikilizaji makini ataipima imani yake kwako kwa tofauti hiyo.

Hatua ya 4: Weka hesabu kando ya kipimo

Kipimo peke yake ni ushahidi wa yaliyotokea. Hesabu inakuambia yanayoweza kutokea. Ukiwa na vyote viwili, wasilisho lako linasimama kwa miguu miwili.

Tuchukue mfano mdogo. Kazi A husoma vihisi kila milisekunde 10 na huhitaji milisekunde 3. Kazi B hukokotoa udhibiti kila milisekunde 20 na huhitaji 6. Kazi C hutuma na kuhifadhi data kila milisekunde 50 na huhitaji 11. Kipaumbele cha juu ni cha A, kisha B, kisha C, na kila kazi inapaswa kumaliza kabla haijaamshwa tena.

Mzigo wa jumla ni 0.30 + 0.30 + 0.22, yaani asilimia 82. Watafiti Liu na Layland walionyesha mwaka 1973 kwamba kwa kazi tatu zilizopangwa hivi, mzigo usiozidi takriban asilimia 78 ni salama daima. Tumeupita mstari huo. Wapo wanaokimbilia kununua kichakataji kikubwa hapo hapo. Lakini kanuni ile husema chini ya mstari uko salama. Haisemi juu ya mstari umekwama. Inabidi kuhesabu muda wa kuitikia wa kila kazi.

Kwa kazi C, anza na muda wake yenyewe: 11. Ndani ya milisekunde 11, A huamka mara mbili na B mara moja, kwa hiyo 11 + 6 + 6 = 23. Ndani ya 23, A huamka mara tatu na B mara mbili: 11 + 9 + 12 = 32. Ndani ya 32, A mara nne na B mara mbili: 11 + 12 + 12 = 35. Ndani ya 35, idadi ni ileile, jibu linabaki 35. Namba imetulia, nayo ni ndogo kuliko 50. Ukifanya hivyo kwa B utapata 9, na kwa A ni 3. Mfumo unatosha.

Sasa ongeza kufuli. Tuseme A na C hutumia bafa moja, na C huweza kulishika kufuli la bafa hiyo kwa milisekunde 4. Bila urithi wa kipaumbele, C hushika kufuli, A huamka na kulisubiri, kisha B hujitokeza na kumsukuma C pembeni kwa milisekunde 6. A anamaliza baada ya 4 + 6 + 3, yaani 13, wakati ukomo wake ni 10. Hapo ndipo ilipo hitilafu ya Pathfinder, imeingia kwenye mistari mitatu ya hesabu. Ukiwasha urithi, C hupandishwa hadi kipaumbele cha A kwa muda anaoshika kufuli, B husubiri, na A humaliza ndani ya 7. B naye huongezeka hadi 16, bado chini ya 20.

Hesabu kama hii inaingia kwenye slaidi moja, na mtu aliyekaa nyuma kabisa anaweza kuikagua akiwa na kalamu tu. Nimeona wasilisho lenye slaidi moja ya namna hii likizaa maswali ya nusu saa.

Hatua ya 5: Andika ikisiri

Andika kwa lugha ya kongamano, lakini fikiri kwanza kwa lugha yako. Mimi huandika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili. Sentensi isiyoeleweka hujulikana mapema zaidi. Ikisiri inayofaa ina umbo kama hili:

"Kidhibiti chetu cha pampu kilikuwa kinapitisha ukomo wa milisekunde 10 mara moja moja, na majaribio ya kawaida hayakuonyesha tatizo. Kwa kurekodi pini tatu mfululizo tukiwa tumeuelemeza mfumo, tulikuta kazi ya kusoma vihisi ikifika milisekunde 13. Chanzo kilikuwa kufuli lisilo na urithi wa kipaumbele. Baada ya kulibadilisha, hesabu inatoa milisekunde 7 na muda mkubwa kabisa tuliouona ni 6.8. Tutaeleza njia ya kipimo, kwa nini ukaguzi wa msimbo haukuigundua hitilafu, na tatizo moja la mtandao ambalo bado hatujalitatua."

Kila sentensi ina kazi yake, na sentensi ya mwisho ndiyo itakayokuletea watu wakati wa chai. Usiogope kutaja usichokitatua. Wahakiki ni wanafani. Wanajua hakuna mfumo usio na deni.

Zingatia urefu unaotakiwa na tarehe ya mwisho, na uangalie kama majina ya waandishi yanapaswa kufichwa. Ukikataliwa, soma maoni ya wahakiki siku inayofuata, usiyasome usiku ule.

Hatua ya 6: Slaidi, bodi na maswali

Mchoro mmoja wa mistari ya muda, ukionyesha kazi ipi inaendeshwa na ipi inasubiri, unazidi slaidi kumi za maneno. Msimbo usizidi mistari kumi, kwa herufi kubwa. Kama utaonyesha bodi ikifanya kazi, rekodi video yake kabla hujasafiri, na ubebe nyaya mbilimbili.

Fanya mazoezi ya kusema kwa sauti mbele ya mtu asiyejua mradi wako, na umwombe akukatize. Kwenye maswali, ukiulizwa kitu ambacho hukukipima, jibu ni "hatukupima hilo", halafu nyamaza. Jibu hilo linaheshimiwa sana katika vyumba hivi.

Hatua ya 7: Ukiwa huko

Kaa mbele. Andika maswali, usiandike slaidi, kwa sababu slaidi utazipata baadaye. Ukifika kwenye meza za wauzaji wa zana, uliza: zana yenu inakadiria muda mrefu kabisa kwa kupima au kwa kuchambua msimbo? Inafanyaje na kashe? Inafanyaje na kichakataji chenye viini vingi vinavyogombania kumbukumbu moja? Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote katika fani hii leo, na namna mtu anavyolijibu itakufundisha mengi.

Warsha ndogo usizidharau. Mwaka 1997, kwenye warsha ya Ada ya wakati halisi iliyofanyika Ravenscar, kijiji cha pwani ya Yorkshire huko Uingereza, washiriki walikubaliana juu ya sehemu ndogo ya vipengele vya kazi sambamba vya lugha hiyo, vinavyotosha kujenga mifumo inayoweza kuhesabiwa muda wake. Makubaliano hayo yakapewa jina la kijiji, na baadaye yakaingia kwenye kiwango rasmi cha lugha. Watu wachache mezani waliamua jinsi programu za treni na satelaiti zitakavyoandikwa. Ukipata kiti kwenye meza kama hiyo, kaa na useme.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza baada ya kurudi

Usianze na jambo kubwa. Fungua msimbo wako, uorodheshe makufuli yote, na kando ya kila moja uandike ni kazi zipi zinalitumia na kwa muda gani mrefu kabisa. Kisha kagua aina yake. Kwenye mfumo endeshi FreeRTOS, kufuli la aina ya mutex lina urithi wa kipaumbele, lakini semafori ya hali mbili (binary semaphore) haina, na watu huzibadilishana kwa sababu zinaonekana kufanana. Kwenye nyuzi za POSIX, urithi lazima uuombe mwenyewe kwa `PTHREAD_PRIO_INHERIT` unapoliunda kufuli. Usipouomba, kwa kawaida hupewi. Kwenye mfumo endeshi Zephyr, `k_mutex` inao tayari.

Ukikuta kufuli moja lisilo na urithi linaloshirikiwa na kazi ya juu na ya chini, na kuna kazi yoyote katikati yake, funga pini zako kwenye oskiloskopu jioni hiyohiyo. Mada yako ya mwaka ujao huenda iko hapo.